Yah: Waranti ya nyumba, ninunue au niache?

Kutoka: Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Namshukuru Mungu, mwezi uliopita mimi na mume wangu tulikabidhiwa funguo. Nyumba ni ya 1987, ina besmenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Sasa kila nikifungua sanduku la posta nakuta barua ya maandishi mekundu, "taarifa ya mwisho", eti waranti ya nyumba yangu inakwisha. Dalali naye ananihimiza ninunue, dola 600 kwa mwaka. Akiba yote iliishia kwenye malipo ya awali. Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa.

Kutoka: Minneapolis

Marahaba dada, na hongereni sana. Hizo barua zichane. Nyumba ikiuzwa mauzo yanaandikishwa kaunti, na daftari lile liko wazi kwa kila mtu, ndiko wanakookota jina na anwani yako. Kama muuzaji hakukukatia waranti, huna cha kuisha. Benki inakudai bima ya nyumba tu.

Watu wetu wengi wanavichanganya hivi viwili. Bima inalipia moto, upepo, wizi, bomba lililopasuka ghafla. Waranti ni mkataba wa matengenezo: fanesi (mashine ya kupasha nyumba joto), hita ya maji au friji ikichoka na kufa yenyewe, wanakuletea fundi. Fundi wao, humchagui wewe. Na kila akija unalipa ada, mara nyingi dola 75 hadi 125, hata akisema hakitengenezeki.

Mimi nilikuwa nayo miaka mitatu. Januari moja nimetoka zamu ya usiku, nafungua maji ya kuoga, barafu tupu. Nikateremka besmenti, nakuta dimbwi la rangi ya kutu chini ya tenki. Fundi alikuja siku ya nne, na siku zote hizo wanangu wanaogea maji ya sufuria. Akafungua koki ya chini, yakatoka maji mazito yenye chenga nyeupe za chokaa, kama maganda ya yai yaliyopondwa. Akapiga picha tatu, akaaga. Kesho yake napata barua pepe: ombi limekataliwa, tenki halikuwa likisafishwa kila mwaka, huo ni uzembe wa mwenye nyumba. Kwa miaka ile mitatu nilikuwa nimewalipa karibu dola 1,700. Hita mpya pamoja na kuifunga ikanitoa dola 1,600 zangu mwenyewe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikujua kabisa kuwa tenki husafishwa. Nyumbani nililelewa na maji ya kuchemsha jikoni, nani angenifundisha?

Kwa hiyo dada, usisome tangazo. Omba mkataba wenyewe, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya yale wasiyolipia. Utakuta hitilafu iliyokuwepo kabla ya mkataba, na hapo ripoti ya mkaguzi aliyeikagua nyumba kabla hujainunua itageuzwa ushahidi dhidi yako. Utakuta matunzo: wanaweza kukudai risiti. Halafu kuna kikomo cha kila kifaa. Kikomo cha fanesi kikiwa dola 1,500 na mpya inauzwa 5,000, tofauti ni yako. Na ukinunua sasa baada ya kuhamia, kwa kawaida unangoja siku 30 ndipo ianze kufanya kazi.

Leo usiku shuka besmenti na tochi, usome lebo ya kila mashine. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa wazi au umefichwa ndani ya namba ya mashine. Hita ya tenki huishi miaka 8 hadi 12, kiyoyozi 10 hadi 15, fanesi 15 hadi 20. Kiyoyozi kikiwa cha R-22, ile gesi ya zamani ya kupoozea, jua kwamba Marekani ilikataza kuitengeneza na kuiingiza tangu 1 Januari 2020. Iliyobaki ni ghali, ulizeni kama wanailipia.

Mimi ningefungua akaunti ya pembeni na kuweka dola 50 kila mwezi. Ndizo hizo hizo 600.

Kutoka: Louisville, Kentucky

Kaka ameongea kweli, lakini naomba nimpinge kidogo. Sisi muuzaji alitulipia mwaka wa kwanza. Julai kiyoyozi kikazima, mama mkwe ana presha, ndani hakukaliki. Siku ya pili fundi akaja, akabadilisha mota ya feni, tukatoa dola 100 za ada basi. Wakati ule hatukuwa hata na 300 benki. Akiba ya dola 50 kwa mwezi haikusaidii kitu kikifa mwezi wa pili. Wanaotafuta nyumba sasa, mwambieni dalali amwombe muuzaji ailipie kabla hamjatia saini. Mwaka ukiisha, acheni.

Na dada, kama una miti mikubwa uwanjani, uliza kampuni yako ya bima kuhusu nyongeza ya bomba la maji taka linalokwenda barabarani. Mizizi huingia humo.

Kutoka: Columbus, Ohio

Asanteni mno. Nimesoma lebo: hita ni ya 2021, kiyoyozi 2006 na ni R-22 kweli, fanesi 2004. Niliwapigia wale wa dola 600 wanitumie mkataba. Gesi hawalipii, kikomo cha fanesi ni 1,500, na mkaguzi wetu alishaandika "kutu" kwenye ripoti. Tumeamua kuacha. Mume wangu amefunga kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoweza kuvuja kwenye fanesi, nje ya vyumba vya watoto kwa sababu ya ile yetu iliyozeeka, na akaunti tumefungua leo.

Aliye na fundi wa fanesi anayemwamini hapa Columbus aniandikie, nataka ikaguliwe kabla ya Oktoba. Na kaka wa Minneapolis, Jumamosi nikupigie video unielekeze lile tenki linavyosafishwa, nianze na koki ipi?