Naomba ushauri: kifimbo cha transfa kinagoma kutoka L4

Ndugu wanachama, salamu kutoka Bukavu. Naomba msaada wenu, hasa ninyi mnaoendesha magari ya magurudumu manne kwenye barabara ya Mwenga na Kamituga wakati wa mvua.

Gari ninaloendesha ni la dizeli, lenye gia za mkono na transfa ya kifimbo (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), na habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, hufungwa kwa mkono. Kuingia L4 (magurudumu manne, gia za chini zenye nguvu) hakunisumbui: nasimama kabisa, nakanyaga klachi, naweka gia kuu huru, kisha navuta kifimbo. Shida ni kutoka. Tukishapanda kilima cha matope na kufika kwenye udongo mkavu, kifimbo kinakuwa kigumu kana kwamba kimechomelewa, na usukani nao unakuwa mzito kwenye kona. Nikirudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, mara nyingi husikika mlio mmoja wa chuma, kisha kifimbo kinalegea. Mafuta ya transfa yamekwisha kubadilishwa.

Fundi mmoja anasema nivute kwa nguvu tu. Siafiki, kwa sababu transfa hii haina difu ya katikati (gia zinazoruhusu shafti ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), hivyo kwenye ardhi yenye mshiko msokoto hubaki kwenye shafti, na nguvu ya mkono inaweza kupinda uma wa ndani unaosogeza gia.

Je, ni vyema nirudi H4 (magurudumu manne, gia za juu) nikiwa bado kwenye matope, magurudumu yanapoweza kuteleza na kuachia msokoto huo? Na je, matairi ya mbele yaliyochakaa kuliko ya nyuma yanaweza kuongeza ugumu huu?