Vitabu vya kudarizi: nianze na mbinu au na historia?

UziMwekundu
Salaam kwenu nyote. Nimekuwa nikidarizi kwa mkono kwa miaka mitatu, na karibu yote ninayoyajua nimeyaokota katika video fupi. Naweza kushona mshono wa mnyororo, mshono wa msalaba na ule wa kujazia majani, lakini siwezi kueleza kwa nini mshono fulani unafaa mahali fulani, wala ni akina nani walioutumia kabla yangu. Ninataka kununua vitabu viwili tu, kimoja cha mbinu na kimoja cha historia, au kimoja kinachobeba yote mawili iwapo kipo. Naomba pia kujua kama vitabu vya zamani vyenye michoro ya wino bado vina manufaa kwa mtu aliyezoea picha za rangi. Ninatumia mkono wa kushoto.

SindanoTulivu
Ndugu UziMwekundu, kitabu kimoja kinachobeba yote mawili kwa uzito sawa sijakiona, na nimekwisha kuacha kukitafuta. Kwa upande wa mbinu, ningekushauri uanze na *Mary Thomas's Dictionary of Embroidery Stitches*, kilichotoka mwaka 1934. Mshono mmoja huweza kuwa na majina matatu au manne, na mwandishi huyu alijitahidi kuyataja, jambo litakalokuepusha na kujifunza upya kitu unachokijua tayari kwa jina jingine.

Michoro ya wino usiidharau. Picha ya rangi huonyesha uzi ulivyolala juu ya kitambaa, basi; mchoro mzuri huonyesha pia njia ambayo sindano imepita chini yake, na kwa mwanafunzi hilo ndilo lenye thamani. Kuhusu mkono wa kushoto, weka kioo kidogo kando ya mchoro, ufuate unachokiona ndani ya kioo.

KitaniSafi
Ninakubaliana na hoja ya michoro, ila mimi ningetanguliza *Encyclopédie des ouvrages de dames* cha Thérèse de Dillmont, cha mwaka 1886, ambacho kilifasiriwa katika lugha kadhaa. Humo utakuta kudarizi, kufuma kwa sindano na kwa kulabu, pamoja na namna za kutengeneza lesi. Kisome hata hivyo kwa jicho la mnunuzi: mwandishi alishirikiana na DMC, kampuni ya nyuzi ya Mulhouse, kwa hiyo usishangae kuona nyuzi za kampuni hiyo zikipendekezwa kila mara. Uzi wowote wa unene unaolingana utafanya kazi ileile.

NyumaYaKitambaa
Mmejibu vizuri kuhusu mbinu, lakini historia mmeipita haraka. Kuna *The Subversive Stitch* cha Rozsika Parker, cha mwaka 1984, ambacho kinaeleza jinsi kudarizi kulivyotumiwa kuwafunza wasichana utii na utulivu, na jinsi wanawake walivyoigeuza sindano hiyohiyo kuwa njia ya kusema yao. Kinakumbusha pia kwamba katika Uingereza ya Zama za Kati wanaume nao walidarizi kama kazi ya kujipatia riziki. Si kitabu cha kukufundisha kushona, na wala hakidai hivyo.

Kigezo changu kwa kitabu chochote cha historia ni kimoja: je, mwandishi ameangalia upande wa nyuma? Chukueni kitambaa mashuhuri cha Bayeux, Ufaransa, cha karne ya 11, chenye urefu wa karibu mita 70. Watu wengi hudhani kimefumwa kwenye kitanda cha mfumi, ilhali kimedariziwa kwa nyuzi za sufu juu ya kitani. Maeneo mapana yamejazwa kwa nyuzi zilizolazwa sambamba juu ya kitambaa, zikavukwa na nyuzi nyingine zilizoachiana nafasi, kisha hizo zikabanwa kwa mishono midogo. Ukiutazama mshono huo kwa mbele, utauona mzito. Ukigeuza kitambaa, utagundua kwamba ni uzi mchache sana uliopita nyuma. Sufu nyingi imeokolewa, na eneo kubwa hujaa kwa muda mfupi. Mwandishi asiyejua kushona angeishia kuusifu uzuri wa farasi waliodariziwa humo tu.

UziMwekundu
Nawashukuru. Swali moja la nyongeza: kabla ya vitabu hivi, watu walijifunza kwa kutazama nini?

NyumaYaKitambaa
Walitazama vitambaa. Mtu alikuwa na kitambaa chake cha mifano, akishona humo kila mshono na kila nakshi aliyokutana nayo, ili airejee baadaye. Kimoja kilichoshonwa na Jane Bostocke mwaka 1598 kimo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Vitabu vya nakshi vilivyochapwa vilikuwa vimeanza kutokea Ujerumani katika miaka ya 1520, lakini vilivyobaki ni vichache, kwa kuwa wenyewe walivitumia hadi vikaisha: mtu alitoboa matundu kufuata mistari ya nakshi, akaweka ukurasa juu ya kitambaa na kupitisha unga wa makaa, alama zikabaki chini.

SindanoTulivu
Basi naongeza kwenye ushauri wangu: pamoja na vitabu hivyo viwili, tenga kipande cha kitani kiwe cha mifano, na usikibandike kwenye ubao, ili uweze kukigeuza.