"Quite good" ni nzuri sana au nzuri kiasi?

Habari wakuu, nimemtumia mwalimu wangu wa Uingereza ripoti kajibu "quite good", jamaa yangu aliyesoma Marekani anasema hiyo sifa kubwa ila mwingine anasema hapo nimepewa wastani tu. Nani yuko sahihi?

Mshenga: Wote mkuu. Mmarekani akisema quite good anamaanisha nzuri sana, Mwingereza mara nyingi anamaanisha si mbaya, inapita, we angalia alichoandika mbele, ukikuta "but" ujue kuna marekebisho.

DadaTausi: Niongezee, yale maneno yasiyo na kiasi kama impossible na different, hapo quite ni "kabisa" hata kwa Mwingereza. "Quite impossible" haiwezekani kabisa. Ila "not quite" ni bado kidogo, umekaribia.

Kipanga: Na "quite a few" isikuchanganye, ni wengi tu japo few ni wachache. Halafu jamani quiet ni kimya, watu wanaichanganya na quite mpaka kwenye barua za kazi, inaniuma kweli.

Muulizaji: Asanteni sana, kweli chini kaandika "but the introduction is too long", ngoja niipunguze leo leo.