Robertson wa Liverpool aliwahi kweli kupokea simu za tiketi?

Beki_wa_Mchangani
Wakuu, salaam. Nisaidieni kumaliza ubishi wa kijiweni. Jana jamaa kaja na stori kwamba Andy Robertson, beki wa kushoto wa Scotland, kabla hajawa huyu tunayemjua, alikuwa anapokea simu za tiketi uwanjani, na kwamba klabu yake ya utotoni ilimtema kisa umbo dogo. Nikamwambia hizo ni hadithi za wahamasishaji. Mtu atoke kwenye simu, miaka sita baadaye yuko fainali ya Ulaya? Tumewekeana soda. Anayejua aseme, ushabiki pembeni.

Kop_Temeke
Andaa soda mkuu. Celtic walimwacha akiwa na miaka 15, kisa mdogo wa umbo. Agosti 2012 akaandika Twitter kwamba maisha ya umri ule bila hela ni taabu tupu, anatafuta kazi. Watu huifukua ile posti kila Liverpool ikibeba kombe.

Mount_Florida
Huu mwaka wa 18 naishi Glasgow, na hilo jina langu ni kituo cha treni unachoshukia ukienda uwanja wa Hampden alikopokelea hizo simu, kwa hiyo hapa sinyamazi.

Simu ni kweli, ila stori mnaisimulia nusu. Alipotoka Celtic alikwenda Queen's Park, na wakati ule Queen's Park ilikuwa timu ya ridhaa. Namaanisha ridhaa yenyewe, mchezaji halipwi mshahara. Ni klabu ya 1867, kongwe kuliko zote Scotland, na msimamo huo waliung'ang'ania mpaka 2019. Kichekesho ni kwamba nyumbani kwao palikuwa Hampden, uwanja wa taifa, huku wanacheza daraja la nne. Basi kijana wa miaka 18 Jumamosi anacheza bure, siku za kazi anakaa ndani ya uwanja huohuo anapokea simu za wanaotaka tiketi.

Msimu ule wa 2012/13 nilikwenda mara moja, mwenzangu wa kazini aliniburuza. Viti zaidi ya elfu 50, sisi watu mia chache, wote tumekusanywa jukwaa moja. Kila kitu unakisikia: kiatu kikigonga mpira, kipa akiwatukana mabeki wake, mzee wa nyuma yangu akifungua chupa ya chai. Pai niliyonunua ilikuwa na moto kuliko mechi. Namba tatu wa siku ile alikuwa nani? Sikujua wala sikujali. Nikikwambia leo kwamba nilimwona nikajua huyu atafika mbali, nitakuwa mwongo kuliko hao wahamasishaji wako.

Kinachorukwa kila siku ni kwamba kule ALICHEZA. Angebaki akademia kubwa angekuwa anakimbizana na watoto wenzake mpaka leo. Daraja la nne winga anayekujia ana miaka 32, juzi alikuwa anapiga plasta nyumba ya mtu, na akikugonga anakugonga kiutu uzima. Halafu msimu uleule Rangers, wakubwa wa Glasgow pamoja na Celtic, nao wameporomoka hadi daraja hilo baada ya kufilisika, wakaja Hampden Desemba na watu zaidi ya elfu 30. Wiki moja unacheza mbele ya mzee na chai yake, nyingine unacheza mbele ya umati ule. Dogo alimaliza na mechi zaidi ya 30 za ligi. Juni 2013 Dundee United wa ligi kuu ya Scotland wakambeba. Machi 2014 anaichezea Scotland ugenini kwa Poland. Julai Hull ya England wanatoa paundi milioni 2.85.

Gunner_Mstaafu
Kwa hiyo Celtic walilala. Na huko Hull si alishuka daraja mara mbili? Huyo katengenezwa na Klopp, kocha wake wa Liverpool, tusidanganyane.

Mount_Florida
Celtic siwalaumu sana. Mtoto wa miaka 15 ukimpima leo, baada ya miezi sita ni mtu mwingine. Kushuka, kweli, 2015 na 2017, katikati hapo wakapanda. Ndiyo maana Liverpool walimpata kwa paundi milioni 8, bei ya chee kwa beki.

Ila kwamba Klopp ndiye kamtengeneza, hapo tunaachana. Miezi ya kwanza alikuwa benchi, wakati mwingine hata benchi hayupo. Desemba 2017 Moreno, beki wa kushoto aliyekuwa akianza, akaumia ndipo akaingia. Januari, mechi ya Man City ile ya 4-3, tafuta kipande chake: anaufukuza mpira kutoka kwa mtu hadi mtu, anafika mpaka kwa kipa Ederson, anageuka nao, mwisho anamchezea faulo Otamendi, beki wa City. Uwanja mzima umesimama kushangilia faulo! Klopp alimwelekeza lini akimbie na wapi akimbie. Yale mapafu alikuja nayo mwenyewe.

Kop_Temeke
Mimi nampenda kwa ile ya Barcelona 2019, nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, alivyomvuruga Messi nywele, haha. Suarez akampiga teke, mapumziko Robertson akatoka, akaingia Wijnaldum na kupiga mbili. Tukashinda 4-0. Ukitaka kujua bahati ya timu iliyoandikiwa kombe, ndiyo hiyo.

Beki_wa_Mchangani
Nimeshindwa, soda nimelipa, na jamaa kaagiza ya ginjaa kubwa makusudi. Sasa kanipandia na nyingine: eti Scotland walifuzu Kombe la Dunia la 2026 hapohapo Hampden na Robertson ndiye nahodha? Safari hii sitii dau mpaka nisikie kwenu.

Mount_Florida
Usithubutu, utalipa tena. Unahodha anao tangu 2018. Novemba 18, 2025 waliipiga Denmark 4-2. McTominay tiktaka dakika ya tatu, Tierney la tatu dakika za nyongeza, na McLean akamalizia kwa shuti la kutoka katikati ya uwanja. Kabla ya hapo, mara ya mwisho kucheza Kombe la Dunia ilikuwa 1998.

Mimi tiketi niliikosa, nikaangalia nyumbani. Tatizo la kukaa karibu na uwanja ni kwamba televisheni huchelewa. Mpira wa Tierney bado uko mbali na lango kwenye kioo, tayari dirisha linatetemeka kwa kelele. Nikamwita mke wangu jikoni: njoo uone, kuna bao linakuja.