Nimeokoka zamani lakini sioni nikikua kiroho. Nihame kanisa?

Ndizi_Mshale: Wakuu, Bwana asifiwe. Mimi ni Mlutheri wa hapa Moshi. Kipaimara nilipata, wokovu nikaupokea, lakini nikiomba siku hizi sisikii moto, silii, sineni kwa lugha. Jamaa zangu wamehamia kanisa moja jipya huko Majengo, wakishuhudia nywele zinasisimka. Mimi nasali, nasoma Neno, naenda shambani, basi. Naogopa Roho aliniacha kimyakimya. Nihame? Matusi hapana tafadhali.

BabaNeema: Hama jana! Mimi mgongo uliniuma tangu niko JKT, nikaombewa Arusha, sasa nabeba gunia mwenyewe. Mke wangu shahidi.

Bibi_Marangu: Mwanangu, soma Marko 4:27. Mkulima analala na kuamka, mbegu inaota asivyojua yeye. Na tunda la Roho kwenye Wagalatia 5 ni upendo, uvumilivu, upole, kiasi. Nywele kusisimka halimo. Muulize mkeo kama hasira zako zimepungua, wewe huwezi kujipima. Ila haraka hii ya nini? Kuna kitu hujasema.

Kiroba_Kimoja: Mangi, moyo umetulia halafu unalalamika? Pita Kiboriloni upate pombe ya mbege, utanena lugha zote.

Ndizi_Mshale: Bibi, sikutaka kulileta hili. Marehemu kaka aliacha kihamba, yaani shamba la ukoo, Old Moshi, kahawa naihudumia mimi. Malipo ya pili yameingia Machi. Nimeshamwahidi mtumishi wa Majengo kuwa nusu naipanda kama mbegu, yaani sadaka kwake. Sasa kila nikipiga magoti namwona shemeji. Lakini ardhi ni ya ukoo, jasho ni langu, na Mhubiri 5 inasema ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa.

Bibi_Marangu: Shemeji na watoto wamepata ngapi?

Ndizi_Mshale: Msimu huu bado. Akija kwa heshima nitampa.

Bibi_Marangu: Kumbe. Basi Roho hajakuacha, ndiye anayekuletea sura ya huyo mjane ukipiga magoti. Unataka kwenda Majengo ili zile kelele zikufiche.

Mpenda_Ukweli: Chai hii. Kahawa Machi? Kilimanjaro tunachuma kuanzia Julai mpaka Desemba. Uzi wa shemeji na kihamba nimeshausoma humu kwa jina lingine.

Ndizi_Mshale: Soma vizuri mkuu, nimesema MALIPO YA PILI. Ya awali tulichukua tulipopeleka kahawa chamani, haya yanakuja baada ya mnada.

Mwana_Uamsho: Hapo hadanganyi, hata kwetu ndivyo. Babu yangu aliokoka kwenye ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika hadi huku. Hakuhama kanisa. Alirudisha ng'ombe wa jirani, bibi akanuna mpaka mvua za vuli. Zakayo mtoza ushuru naye alisema atarudisha mara nne, wewe unabishania nusu.

Mpenda_Ukweli: Sawa, ya kahawa nimekubali. Ya shemeji bado.

Ndizi_Mshale: Tuseme nampa shemeji. Mtumishi nimwambieje? Anapiga simu kila jioni.

Bibi_Marangu: Mpe namba ya shemeji, amwombe yeye.

BabaNeema: Hicho kihamba kina maji ya mfongo, ule mfereji wa asili? Nina mteja.