Mama amegoma mionzi ya ndani, naombeni ushauri

Kitindamimba: Habari zenu wapendwa. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, imegundulika mapema. Anapigwa mionzi ya nje siku 5 kwa wiki, na dripu ya sisplatini (dawa ya saratani) mara moja kila wiki. Bado vipindi 4 afikishe 25. Jana daktari kasema baada ya hapo inafuata ya ndani. Mama kagoma, anasema kama ya kwanza imeshindwa basi wamwache. Kweli imeshindwa? Na akitoka huko ataruhusiwa kubeba wajukuu?

Fundi Mionzi: Pole dada. Haijashindwa, hizo mbili hupangwa pamoja tangu mwanzo. Ya nje inafagia nyonga nzima, hadi kwenye tezi ambako seli huenda zimejificha. Ila dozi ya kuumaliza uvimbe wenyewe huwezi kuipitisha kwa nje, utaunguza kibofu na utumbo. Kwa hiyo chanzo cha mionzi kinapelekwa hadi kwenye uvimbe kupitia mirija inayowekwa ukeni, na makali yake hushuka haraka sana ukisogea sentimita chache tu. Ya nje huwa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 45 hadi 50. Ukijumlisha na ya ndani, uvimbe hupata 80 na zaidi. Wajukuu awabebe. Chanzo hutolewa kipindi kikiisha.

Mama Wawili: Nimepitia, vipindi vinne. Mionzi yenyewe ni dakika chache, kazi iko kwenye maandalizi: ganzi ya mgongoni, mpira wa mkojo, picha, halafu kulala bila kujigeuza. Akisikia maumivu aseme, asijikaze. Na hili mimi sikuambiwa na mtu: uke hubana baadaye. Kuna vipanuzi, aulize bila aibu.

Mpita Njia: Si apumzike kwanza miezi miwili mwili urudi?

Fundi Mionzi: Hapana ndugu yangu! Tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Ikivuka hapo, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe unapungua. Kama ni uchovu au damu imeshuka, waambieni wanaomtibu wampime, lakini msikae nyumbani.

Kitindamimba: Asanteni sana. Nimemsomea yote. Kanyamaza weee, halafu kauliza kama kwa hiyo ganzi atawasikia wakiongea.

Mama Wawili: Mwambie atasikia kila kitu. Mimi niliwasikia wakibishana mpira.