Betri ya gari imesoma volti 11.8: niongeze maji makali (asidi) au nichaji tu?

Mkazi_Tabata:
Wakuu, salaam. Gari yangu, Toyota IST, imekaa wiki tatu bila kuwashwa, sasa ukipiga swichi inalia tak-tak tu. Betri ni saizi ya NS60, ya maji, ya vifuniko sita. Mita inasoma 11.8. Fundi anashauri tumwage maji ya zamani, tutie maji makali mapya. Ninayo chaja ya ampea 10. Nianzie wapi?

Waya_Mwekundu:
Mkuu, usitie maji makali. Betri ikiisha chaji asidi haijapotea, imejishika kwenye pleti za risasi kama salfeti. Ukichaji inarudi kwenye maji. Sasa ukiwa umeongeza nyingine, ikijaa chaji mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi na unakula pleti. Kinachopungua siku zote ni maji matupu, labda kama betri ilipinduka ikamwagika.

NS60 kwa kawaida ni ampea-saa 45. Chaji kwa sehemu moja ya kumi, yaani ampea 4 hadi 5, kwa saa 10 hadi 12. Kama chaja yako haina swichi ya kupunguza, azima nyingine.

Fungua hasi kwanza kwa spana namba 10. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni shoti hapo hapo. Betri ipeleke kibarazani, si stoo, maana inatoa haidrojeni na cheche moja inatosha kuipasua. Kwa hiyo bana klipu kwanza, ndipo uchomeke chaja ukutani. Ukimaliza, zima ukutani kwanza. Miwani na glavu zisikosekane.

Chini_ya_Boneti:
Naongezea la maji. Kama pleti ziko wazi, tia kiasi cha kuzifunika tu. Hadi mstari wa juu ujaze baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa chaji na yakifurika asidi inamwagika. Tumia yaliyokenekwa. Ya kisima, hasa haya ya chumvi ya Dar, yanaua pleti, na ya kunywa ya chupa nayo yana madini.

Betri ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, simamisha. Baada ya chaji iache saa kadhaa ndipo upime: 12.6 ni nzima, 12.4 ni kama robo tatu. Haidromita (kipimo cha ukali wa maji ya betri) isome 1.265 hadi 1.280 kila chumba. Kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.050, anza kutafuta hela ya betri nyingine.

Mkazi_Tabata:
Shukrani. Na kubusti (kuwasha kwa waya kutoka betri ya gari ya jirani), halafu altaneta, ile jenereta ya injini, imalizie kuchaji?

Waya_Mwekundu:
Kuwasha itawasha. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Lakini foleni ya Ubungo na AC haitajaza betri tupu. Na usichomoe terminali injini ikiunguruma, utaunguza kontroli boksi (kompyuta ya gari).

Chini_ya_Boneti:
Injini ikiwaka, kwenye betri upate volti 13.8 hadi 14.5. Zikitimia na bado inakufa ikipaki, zima kila kitu, unganisha mita ya ampea kati ya hasi na waya wake, subiri nusu saa. Zaidi ya miliampea 50 kuna kitu kinanyonya. Chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Anza na redio na alamu.

(Wa bodaboda: betri ya ampea-saa 5 ichaji kwa nusu ampea tu. Chaja ya gari inaichemsha.)